Mtazame kabla ya kumpiga kofi

Mvua zikishika kasi, taa za sebuleni hujaa wageni. Wengi ni kumbikumbi, hawana neno. Lakini yumo mmoja wa kuangaliwa vizuri kabla mkono haujainuka: mwembamba, hafiki hata sentimita 1, nyekundu na nyeusi zikipokezana toka kichwani hadi mkiani, na mgongoni kipande cha buluu inayong'aa. Akishtuka hubinua mkia juu kama nge. Huyo ndiye Nairobi fly.

Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili. Ukimponda shingoni umejipaka mwenyewe. Usiku huo huhisi kitu. Baada ya siku moja au mbili ngozi inawaka na kutoa malengelenge, na mtu anaanza kutibiwa mkanda wa jeshi asiokuwa nao.

Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 Wakenya wengi waliungua hivyo. Hata leo maonyo mara nyingi huja watu wakiwa wameshababuka, jambo ambalo kwa kweli halina udhuru. Wizara ya Afya na serikali za kaunti zibandike picha ya mdudu huyu zahanatini na shuleni kabla ya mvua. Gharama ni karatasi na gundi.

Akitua mwilini mwako, mpulize. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha mara moja kwa sabuni na maji, na usijiguse macho. Kupulizia dawa kila mahali hatukuungi mkono: shambani mdudu huyu hula wadudu waharibifu.