Mzee anayesahau si mchawi

Huko Kasongo na Kabambare, mzee akianza kutembea usiku, kuwaita wajukuu kwa majina ya marehemu na kudai hajala hali sahani bado iko mbele yake, maneno huanza. Wengine husema amerudia utoto. Wengine hunong'ona uchawi, hasa akiwa mwanamke, tena mjane.

Huo ni ugonjwa wa ubongo, demensia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, zaidi ya asilimia 60 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi. Ibara ya 49 inampa mzee haki ya ulinzi maalumu, lakini neno uchawi halimo. Wabunge wa Maniema wangeanzia hapo.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hata hivyo, mzee apelekwe kwanza kituo cha afya, kwa sababu malaria, msongo, upungufu wa vitamini na hata dawa nyingine huweza kuvuruga akili, na hayo hutibika. Akichanganyikiwa ndani ya siku chache tu, msingoje kesho.

Nyumbani, mzigo humwangukia mtu mmoja: binti au mkamwana. Shamba linamsubiri, naye hawezi kumwacha mgonjwa peke yake karibu na moto. Katika Kabambare, ambako watu wamekimbia makwao mara kwa mara kwa sababu ya mapigano, ni vigumu zaidi. Mgonjwa huyu anashikiliwa na mazoea, njia ileile ya kisima, mwembe uleule. Mhamishe ghafla, atazidi kupotea, na huenda akaondoka usiku kurudi kijiji kilichoachwa.

Akimtafuta mama yake aliyefariki zamani, usimkumbushe kila mara kwamba alikufa, maana kwake msiba huanza upya. Mwulize mama huyo alikuwa akipika nini. Atasimulia, tena vizuri kuliko sisi.

Na kaka aliye Kindu au Lubumbashi, anayetuma pesa kwa simu na kutoa amri, ametimiza nusu tu. Aje wiki mbili wakati wa kupanda, dada yake apate kulima mchana na kulala usiku.