Samaki msafishaji aachwe baharini

Biashara ya samaki wa mapambo haitajwi sana, ilhali Pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, kuna vijana wanaojipatia riziki kwa kuzamia miambani na kunasa samaki wadogo wa rangi wakiwa hai. Samaki hao hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, kisha husafirishwa kwa ndege hadi nchi za ng'ambo, ambako hufugwa nyumbani katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi.

Tofauti na changu au tafi, samaki huyu hauzwi kwa kilo. Huuzwa mmoja mmoja, na thamani yake ni uhai wake. Akifa mapema, mnunuzi hulalamika, mwenye duka hupunguza oda na hasara humfikia mzamiaji. Kwa hivyo, kujua tabia za samaki ni sehemu ya biashara yenyewe.

Chukua mfano wa jamii moja ya samaki walio ndugu wa karibu wa pono. Aina nyingi ndogo za jamii hii hulala zikiwa zimejifukia mchangani. Mfugaji anahitaji mchanga laini wa kina cha angalau sentimita 5, la sivyo samaki atajikwaruza na kudhoofika. Tangi lifunikwe kwa wavu, kwani samaki hawa huruka na kufia sakafuni. Chakula, kama vile vipande vya kamba, kitolewe kidogo kidogo mara 2 au 3 kwa siku. Wakitunzwa hivyo, huishi miaka kadhaa. Hawa wauzwe, tena wauzwe pamoja na maelezo hayo.

Samaki msafishaji, ambaye wataalamu humwita Labroides dimidiatus, ni wa jamii hiyo hiyo lakini mambo yake ni tofauti. Yeye hukaa mahali pamoja mwambani, na samaki wengine humfuata ili awaondolee wadudu wanaowanyonya damu. Watafiti nchini Australia walikadiria kwamba msafishaji mmoja hula wadudu wapatao 1,200 kwa siku. Tangi la nyumbani lenye samaki watano au sita halina chakula hicho. Baadhi hujifunza kula vyakula vingine, lakini wengi hukonda na kufa.

Huku nyuma, mwamba nao huumia. Katika Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji kwenye baadhi ya miamba kwa zaidi ya miaka minane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa samaki wakaazi wa miamba hiyo walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na idadi ya aina zao kwa asilimia 23, wakilinganishwa na miamba iliyoachiwa wasafishaji wake. Hao ndio samaki wanaotegemewa na mvuvi wa dema na mwenye mashua ya watalii.

Tena, upungufu huu ni mgumu kuonekana. Dume mmoja huishi na majike kadhaa. Akinaswa, jike mkubwa kuliko wote hugeuka dume. Mzamiaji akirudi humkuta dume mwingine na kudhani hakuna kilichopungua, kumbe jike mmoja wa kutaga mayai ameondoka.

Wapo watakaosema tukimwacha sisi, wengine watamkamata kwingineko. Huenda ikawa hivyo, lakini mwamba utakaobaki bila msafishaji hautakuwa wetu. Isitoshe, wafugaji wa ng'ambo wana samaki wengine wadogo wasafishaji, waliozalishwa matangini na wanaokubali chakula cha kawaida.

Kwa maoni yangu, vikundi vya usimamizi wa fuo vikubaliane kutomnasa msafishaji, na wauzaji wa nje wamwondoe katika orodha zao. Fedha ya oda moja haiwezi kulipia mwamba uliopoteza samaki wake.