Kupanda miti Canada: uliza malipo kwanza

Ule ujumbe umerudi tena kwenye simu zetu hapa Kigali: Canada misitu imeungua, wanatafuta watu wa kupanda miti, changamkieni. Kwamba misitu imeungua ni kweli. Mwaka 2023 peke yake ziliteketea zaidi ya hekta milioni 15, yaani Rwanda nzima zaidi ya mara 5. Miche ya misonobari lazima ipandwe, na mimi sina ugomvi na miche.

Ugomvi wangu ni na ile kauli ya "mkimbizi hachagui kazi." Wazazi wetu wanaisema, sawa, wao wamepita mengi. Lakini na wewe ndugu wa shirika, mwenye mkataba na bima, unaisema?

Sikilizeni. Mwaka 2010, karibu na mji wa Golden, British Columbia, ilipatikana kambi ya wafanyakazi wa misitu wa kampuni ya Khaira Enterprises. Wengi walikuwa Waafrika waliofika Canada kama wakimbizi, wakiwemo Wakongo, watu wa lugha yetu hii hii. Chakula hakitoshi, maji machafu, mshahara hautoki. Na kazi yenyewe ilikuwa ya zabuni ya serikali ya jimbo! Mwaka 2014 baraza la haki za binadamu la jimbo hilo liliamua kwamba walibaguliwa kwa rangi yao, wakatukanwa pia. Wafanyakazi 55 walipewa haki ya fidia ya dola 10,000 kila mmoja kwa kuvunjiwa heshima. Miaka minne baadaye, jamani.

Walidai. Hawakusema "tushukuru tu, tumetoka kambini." Hapo ndipo ninapowapenda.

Sasa, kazi yenyewe inavyokwenda: unabeba mfuko wa miche kiunoni, unachoma beleshi, unaingiza mche, unakanyaga, unasonga hatua chache, unarudia tangu asubuhi mpaka jioni. Wengi wanalipwa kwa mche, senti kadhaa. Mtu mzoefu anapanda maelfu kwa siku na anapata pesa nzuri, hilo nalikubali. Lakini mgeni wa wiki ya kwanza, kwenye mteremko wa mawe, atapanda mingapi? Sheria ya British Columbia inasema hata anayelipwa kwa mche, malipo ya saa zake yasiwe chini ya mshahara wa chini. Nani alikuambia hivyo? Semina niliyokaa mimi ilitufundisha theluji, jiko la umeme na kusalimia majirani. Theluji mtu ataiona mwenyewe akifika! Karatasi ya mshahara ndiyo inataka mwalimu.

Kwa hiyo anayekutumia ule ujumbe, muulize: mche mmoja bei gani? Kitanda na chakula vinakatwa kwenye mshahara? Usafiri wa kwenda msituni analipa nani? Mkataba uko wapi, niusome kabla ya kutuma picha ya kitambulisho? Akikujibu "wewe njoo tu kwanza," mfute.