Sheria ya Bunduki Haiandikwi kwa Mdomo wa Waziri



Tarehe 26 Juni 2025, siku moja baada ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa Juni 25, 2024, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba polisi wameelekezwa kumpiga risasi yeyote atakayekikaribia kituo cha polisi. Malalamiko yalipozidi, alijitetea kwamba hakutoa amri mpya, bali alikuwa akieleza tu yaliyomo katika sheria. Utetezi huo ndio unaotutia hofu kuliko tamko lenyewe. Aliyeteleza ulimi aweza kuomba radhi. Lakini anayedai kwamba sheria tayari inaruhusu aliyoyatamka ameipanua sheria mbele ya macho yetu, bila Bunge kuketi na bila hakimu kuulizwa.

Tuanze na neno lenyewe: kukaribia. Ni nani hukaribia kituo cha polisi katika nchi hii? Ni mama anayempelekea mwanawe chakula rumande. Ni msichana aliyepigwa anayefuata fomu ya P3. Ni mzee aliyepoteza kitambulisho, na wakili anayemtafuta mteja aliyekamatwa usiku. Ni mchungaji aliyeamshwa na jamaa za kijana asiyejulikana alipo. Kituo cha polisi ni mlango wa umma, nasi sote tumewahi kuupita. Kuligeuza tendo la kuukaribia kuwa sababu ya kifo ni kumhukumu raia kwa miguu yake, kabla mikono yake haijatenda lolote.

Sasa tuitazame sheria ambayo Waziri alisema anaieleza. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inamtaka askari atangulize njia zisizo za nguvu. Bunduki huruhusiwa tu pale njia nyepesi zaidi zinapokuwa hazitoshi, kwa ajili ya kuokoa uhai wa askari au wa mtu mwingine, au kujikinga na hatari iliyo karibu ya kifo au ya jeraha kubwa. Kabla ya kufyatua, askari anapaswa kujitambulisha na kutoa onyo lililo wazi, na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa pale ambapo kungoja kungehatarisha maisha. Risasi ikiua au ikijeruhi vibaya, mkuu wake lazima apeleke taarifa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Ni kweli kwamba marekebisho yaliyofuata yameongeza mambo mengine, yakiwemo kulinda maisha na mali. Hatufichi jambo hilo, kwa maana hoja ya haki haihitaji kuficha. Lakini hata hapo sheria imedai nguvu zenye sababu ya haki, na sharti la kutanguliza njia nyepesi lingali palepale. Soma Jedwali zima kutoka mwanzo hadi mwisho: hutakuta neno kukaribia. Hilo limetoka kinywani mwa Waziri peke yake.

Tutaambiwa kwamba vituo vya polisi vilishambuliwa Juni 25, 2025, na kwamba askari walijeruhiwa. Tunakubali kwamba mashambulizi yalitokea, nasi hatumtetei aliyechoma kituo wala aliyetaka kuiba silaha. Askari ni mtoto wa mtu pia, na nyumbani kwake kuna wanaomngojea. Lakini kwa hatari ya namna hiyo sheria ilikwisha kutoa jibu: anayevamia kituo kwa silaha na kuhatarisha maisha anaweza kuzuiwa kwa nguvu zinazolingana na hatari anayoileta. Ikiwa sheria ilikwisha kumlinda askari dhidi ya mvamizi, basi neno jipya la Waziri lilimwongezea nini, isipokuwa ruhusa ya kumpiga risasi asiye mvamizi?

Wala hofu yetu si ya kubuni. Juni 17, 2025, siku tisa kabla ya tamko hilo, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi kwa karibu, katikati ya jiji la Nairobi, mchana kweupe huku kamera zikitazama. Hakuwa amevamia kituo chochote. Alifariki kabla ya mwezi huo kwisha. Katika maandamano ya Juni 25 yenyewe, waliripotiwa kufa watu wasiopungua 16. Kisha ikaja Saba Saba ya mwaka huo, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Siku mbili baadaye, Julai 9, Rais William Ruto naye alisema hadharani kwamba wanaochoma mali za watu wapigwe risasi mguuni. Tazameni jinsi maneno yanavyozaana: leo ni kituo, kesho ni duka, leo waziri, kesho mkuu wa dola. Na Jedwali la Sita halina ibara inayomfundisha askari kuchagua mguu.

Sisi tuliopita katika miaka ya chama kimoja tunaujua mwendo huu. Julai 7, 1990, watu walipoelekea Kamukunji kudai vyama vingi, serikali ilisema mkutano hauna kibali, na risasi zikalia. Julai 7, 1997, polisi waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi wakawapiga watu waliokuwa ndani ya nyumba ya Mungu. Mwaka huohuo sheria ya mikutano ikabadilishwa, leseni ikaondolewa na mahali pake ikawekwa taarifa tu kwa polisi. Neno moja, leseni, lilikuwa limetugharimu maisha. Ndiyo maana hatudharau maneno.

Na sheria hii ya bunduki nayo ina gharama yake. Mwaka 2005 aliyekuwa waziri wa usalama, John Michuki, aliwaamuru polisi wawapige risasi hadi kufa watakaopatikana na silaha haramu. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Kutokana na damu hiyo yakaja mageuzi ya polisi, Katiba ya 2010, na sheria ya 2011. Ufinyu wa Jedwali la Sita haukuwa uzembe wa waandishi wake. Taifa lilikuwa limetoka makaburini, likaamua kwamba mlango wa bunduki uwe mwembamba.

Katiba hiyohiyo ilimwona waziri wa namna hii kabla hajazaliwa kisiasa. Kifungu cha 94 kinasema kwamba uwezo wa kutunga sheria ni wa Bunge. Kifungu cha 245 kinamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali wa Polisi maelekezo ya sera tu, na kinadai maelekezo hayo yawe kwa maandishi. Kwa nini maandishi? Kwa sababu karatasi ina sahihi na tarehe, na yaweza kufikishwa mahakamani. Hata Yezebeli, alipotaka Nabothi auawe kwa ajili ya shamba la mizabibu, aliandika barua na kuzitia muhuri. Na dhambi yake ikajulikana. Neno la mdomo halina muhuri. Siku ya hesabu, aliyelitamka atasema alieleweka vibaya.

Atakayebaki na mzigo ni nani? Ni konstebo. Tunasema na wewe, ndugu askari, kwa maana tunakuona kanisani siku ya Jumapili na watoto wako wamesoma na wetu. Jedwali hilohilo linasema kwamba kutii amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Waziri hatasimama kizimbani pamoja nawe, na jina lake halitakuwa katika hati yako ya mashtaka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Usikubali kuwa ubao wake kwa ajili ya maneno ya mtu ambaye hata hakukuandikia.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, Waziri alifute tamko lake hadharani, kama alivyolitoa hadharani, badala ya kulifunika kwa tafsiri. Pili, Inspekta Jenerali awaandikie askari wote barua inayowakumbusha masharti ya Jedwali la Sita, isomwe katika kila kituo. Tatu, IPOA ichunguze kila risasi iliyoua tangu siku hiyo, na Mkurugenzi wa Mashtaka asiyalaze majalada.

Na sisi tusingoje. Kila parokia na kila kikundi cha haki kipate nakala ya Jedwali la Sita na kuisoma kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Mtu akiuawa, jina lake, mahali na saa viandikwe siku hiyohiyo, mashahidi wakiwa bado na kumbukumbu. Wachungaji waifuate familia hadi chumba cha maiti, wasiiache ikabiliane peke yake na daktari na askari. Na mama anayepeleka chakula kituoni asiende peke yake. Tumsindikize, tukiwa mikono mitupu, kama Kifungu cha 37 kinavyotupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha.

Tutaendelea kuvikaribia vituo vya polisi. Vilijengwa kwa kodi yetu, na ndani yake wamo watoto wetu, wengine wakiwa wamefungiwa, wengine wakiwa wameshika funguo.