Utafiti wa UKIMWI Unamhusu Mkata Miwa



Wako wenzetu wanaosema mambo ya maabara ni ya wasomi, na mkata miwa hana haja ya kujua protini ni kitu gani. Hatukubaliani nao hata kidogo.

Mwili wa binadamu una walinzi wake wa kuzaliwa nao dhidi ya virusi vya UKIMWI. Mmoja anaitwa APOBEC3G, aliyetambuliwa mwaka 2002 na Ann Sheehy, Michael Malim na wenzao. Huyu hujipenyeza ndani ya virusi vipya vinapoundwa. Virusi hivyo vikiingia katika chembe nyingine na kuanza kunakili maandishi yao ya urithi, yeye huyaharibu herufi kwa herufi hata yasifae kitu.

Basi kwa nini bado tunaugua? Kwa sababu virusi vina protini yao iitwayo Vif. Vif haimuui mlinzi kwa mkono wake. Humkamata na kumkabidhi kwa mtambo wa chembe yenyewe, ule unaosaga protini zilizochakaa, na huko mlinzi mzima husagwa kama takataka. Waliokwisha kuona kanuni za kazi zikitumiwa kumfukuza mwakilishi wa tawi hawatashangaa.

Mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuizuia Vif, na hapo wenye haraka huuliza: faida ya miaka yote hiyo ni nini? Jibu liko kwenye protini nyingine, ile inayojenga ganda la virusi. Ganda hilo huyaficha maandishi ya virusi yasionwe na wapelelezi wa chembe. Wesley Sundquist wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, na wengine walilichunguza miaka mingi kabla ya dawa yoyote kuonekana. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa kila miezi sita.

Ilijaribiwa wapi? Hapa Uganda na Afrika Kusini, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Matokeo yalitolewa mwaka 2024: kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dada zetu walitoa miili yao. Mwaka 2025 kampuni ya Gilead ikatangaza bei ya Marekani, dola 28,218 kwa mtu kwa mwaka. Mwaka huohuo ikatangazwa kwamba viwanda vya India vitaiuza kwa nchi maskini kwa dola 40 hivi kwa mwaka, kuanzia 2027. Kila mmoja na apige hesabu mwenyewe.

Kwa mchuma chai miezi sita ni jambo kubwa. Vidonge vya kila siku humrudisha kliniki mara kwa mara, na siku ya kliniki kwa kibarua ni siku isiyo na ujira. Tena vidonge huonekana kambini, na maneno huanza.

Kwa hiyo tunayataka matawi yaliingize jambo hili katika majadiliano ya mkataba: siku mbili kwa mwaka zenye malipo kamili kwa kila anayetaka kinga hii, wake kwa waume, vibarua wa msimu wakiwemo, na mnyapara asiulize mtu anakwenda kutibiwa nini.