Takwimu Zinazopanda si Aibu ya Taifa

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa desturi methali hii huelekezwa kwa mgonjwa. Leo naielekeza kwa dola.

Huduma zetu za afya, kwa sehemu kubwa, ni huduma za kungoja. Zahanati hufungua mlango asubuhi, humpokea anayekohoa na kumwandika daftarini. Asiyefika hahesabiwi. Mchimbaji mdogo wa madini, mahabusu, mama lishe asiyemudu kufunga biashara kwa sababu ya kikohozi: hao huendelea kuugua na kuambukiza. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka.

Kenya ilithubutu kutazama. Utafiti wake wa kitaifa wa 2015 na 2016, uliowapima wananchi kwa eksirei na makohozi huko huko wanakoishi, ulionyesha kwamba takribani wagonjwa 4 kati ya 10 hawakuwa wakigunduliwa. Ugonjwa haukuzaliwa siku hiyo. Ulionekana siku hiyo.

Na kutafuta huzaa matunda. Katika mkoa wa Cà Mau, Vietnam, watafiti waliwapima watu wazima kila mwaka kwa miaka 3, wenye dalili na wasio nazo. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha wagonjwa 126 kwa kila watu 100,000, ilhali maeneo yaliyoendelea kungoja yalikuwa na 226.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Anayetafuta hupata, na anayepata huongeza tarakimu. Tukimhoji mganga mkuu wa wilaya kwa nini wagonjwa wake wameongezeka, kisha tukampongeza jirani yake kwa wilaya “tulivu”, tutakuwa tumewafundisha wote wawili kutotafuta.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Ni kweli, na kumgundua mtu kisha kumkosesha dawa za miezi 6 ni ukatili. Vilevile upimaji uwe wa hiari, na siri ya mgonjwa ilindwe. Lakini hoja hizo zinatutaka tujiandae. Hazituruhusu kufumba macho.

Basi bajeti ijayo ikisomwa, tusiulize tu zahanati ngapi zitajengwa. Tuulize pia ni nani atakayetoka humo kwenda kumtafuta asiyekuja.