KRENI HAIFUTI JASHO LA KULI

Kila mara ndugu zetu wa bandarini wanapouliza habari za kazi zao, hujibiwa neno moja tu: maendeleo. Huambiwa kreni imekuja, dunia imebadilika, na mwenye akili anyamaze. Sisi hatunyamazi.

Hatusemi mashine zivunjwe. Nani kati yetu anatamani kurudi kwenye gunia? Wazee wetu walibeba kahawa mgongoni, gunia la kilo 60, juani kutwa, na kesho yake wakasimama langoni wakingoja kuitwa kama watu waombao sadaka. Lakini migongo ile ilikuwa na nguvu yake. Mwaka 1947, walipogoma Mombasa mwezi Januari na Dar es Salaam mwezi Septemba, wakoloni walijua nani anayeshusha mizigo yao.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, na masanduku 58 ya alumini. Ndiyo mwanzo wa makontena tuyaonayo leo. Mtu mmoja aliyeketi juu ya kreni huinua kwa dakika chache shehena iliyokuwa ikilitoa jasho genge zima kwa saa nyingi. Je, faida hiyo imekwenda wapi? Mwenye meli kaipata. Mwenye bandari kaipata. Kuli kapewa barua ya kuachishwa, na kibarua hata barua hakupewa.

Wasitwambie kwamba haigawanyiki. Mwaka 1960 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, wakiongozwa na Harry Bridges, waliikubali mashine kwa bei. Waajiri walitoa dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu. Kuli wa daraja la kwanza hakufukuzwa kwa ajili ya mashine, na mzee aliyestaafu aliondoka na fedha mkononi. Hatulisifu patano lile kupita kiasi. Wale wa daraja la pili waliachwa nje, na mgomo wa mwaka 1971 na 1972 uliwachukua siku 134. Hata hivyo walilipwa.

Pasipo patano, tumeyaona kwetu. Mwezi Mei 2023, huko Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto. Waliochoma hatuwapigii makofi; lakini twauliza, ni nani aliyeketi na wachumaji kabla ya mashine kuingia shambani?

Twataka hivi. Kreni mpya isishushwe kabla mwenye bandari hajaketi na chama cha wafanyakazi na kuandika nani atafundishwa kuiendesha, nani atalipwa astaafu, na fungu gani la faida litaingia katika mfuko wa wafanyakazi. Na kibarua aandikwe jina, maana ndiye anayesahauliwa kwanza. Wakisema hesabu hizo ni ngumu, tutawakumbusha kwamba hesabu ya makontena mangapi yamepita kwa saa wanayo kila jioni.